Sauti za Mume Wangu

Mume wangu aliitwa Redio, wala si kwa sababu ya domo. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Jina hilo alilipata stendi ya mabasi, alikokuwa akitangaza safari kwenye spika kabla hajaja studio, na lilimganda hivyo hivyo.

Studio yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi. Huko chini wakianza kujaza upepo, sisi huku juu tunasimamisha kurekodi na kusubiri. Tulikuwa wanne tu. Kulikuwa na Mkurugenzi, tuliyemwita hivyo kwa utani kwa kuwa ofisi alikuwa akifagia mwenyewe. Kulikuwa na binti wa kuchora, aliyekuwa akishinda kwenye kompyuta mpaka macho yanamwiva. Halafu mume wangu, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kukata na kuunga sauti, ndiyo maana waliniita Mkasi.

Tulitengeneza katuni za hadithi za kale za watoto: mazimwi, malkia waliorogwa, mabinti waliofungiwa minarani, ndege wanaosema. Mkurugenzi alizipenda hizo kwa sababu moja. Waliozitunga walishaoza makaburini, hakuna wa kuja kugonga mlango. Basi tulizitengeneza kwa tulichokuwa nacho. Zimwi na mfalme walikuwa na kiwiliwili kimoja, tofauti ni ndevu na taji. Farasi wetu alikwenda bila kukunja miguu, kama meza inayosukumwa. Mtu akikimbia msituni, mti uleule wenye tawi lililovunjika ulimpita mara kumi na moja. Siku ya harusi ya binti mfalme, raia wa nchi nzima walikuwa watu sita, wamegeuzwa huku na huku mpaka uwanja ukajaa.

Watoto waliangalia hivyo hivyo, kwa sababu ya Redio. Sauti zote zilikuwa zake: zimwi, mfalme, malkia, binti mfalme, mkata kuni, kunguru, mtoto aliyepotea, bibi mchawi na yule anayesimulia. Tulikuwa na kabati la nguo la zamani tulilolitandika magodoro ndani, hapo ndipo aliporekodia. Akiwa mtoto alisimama kwa ncha za vidole. Akiwa malkia aliketi na kukunja nne. Ungemsikia zimwi akigombana na mtoto, mmoja akimkatiza mwenzake, ungeapa kabatini mmejaa watu. Mimi nikiwa nje na vifaa vyangu masikioni, miaka minane ya ndoa, bado nilikuwa nacheka mpaka naharibu rekodi.

Ya kwanza kuondoka ilikuwa sauti ya binti mfalme.

Asubuhi moja alikuwa akisema maneno rahisi tu, "Nani ameufungua mlango wangu?" na sauti ikavunjika katikati.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Ikavunjika palepale.

"Ni huyu zimwi," akasema akijikohoza. "Jana nimemngurumisha kupita kiasi. Kesho atakuwa sawa."

Kesho haikuwa sawa, wala mwezi uliofuata. Alikunywa maji ya moto, akapakwa dawa za kuchua, akalala na kitambaa shingoni. Nilipomkuta anateswa na kumeza mate tu, nilimkamata mkono kama mtoto nikampeleka hospitali.

Daktari wa koo alikuwa mwanamke mwembamba, anasema taratibu. Alimwingiza mrija wenye taa puani, akatazama, akautoa. Siku ya majibu alituketisha wote wawili.

"Ni saratani," akasema. "Imekaa kwenye kisanduku cha sauti. Nataka alazwe Jumatatu ijayo. Tutakitoa chote. Nafasi yake ya kupona ni nzuri tukienda sasa."

"Na kusema?" akauliza mume wangu.

"Hutasema tena, baba. Utapumua kwa tundu hapa shingoni."

"Hata kunong'ona?"

"Hata kunong'ona."

Tulipotoka nje jua lilikuwa linawaka vibaya. Alisimama kando ya ukuta wa hospitali akacheka kidogo. "Bora wangekata mguu," akasema. "Zimwi lenye mguu mmoja bado linatisha." Halafu akageuka akauelekea ukuta, na mimi nikasimama nyuma yake ili wapita njia wasimwone.

Mkurugenzi alipopewa habari alikaa chini kabisa, sakafuni, mgongo ukutani. Sikumdhania unafiki siku ile na simdhanii hata leo. Lakini alikuwa na filamu tatu mezani, zimeshachorwa, zinasubiri sauti, na kituo cha televisheni kilikuwa kinazidai.

"Jumatatu hii hii?" akauliza. "Hawawezi kusogeza?"

"Wiki sita," akasema mume wangu, kabla sijafungua mdomo. "Nipe wiki sita. Nitamaliza zote tatu. Na nitakuachia nyingine za akiba."

"Za akiba vipi?"

"Maneno. Kila neno ambalo mtu wa hadithi anaweza kulisema. Vicheko, vilio, salamu. Mkasi ataunga. Nitakuwa sipo na nitakuwepo."

Mkurugenzi akanitazama mimi. Binti wa kuchora naye akageuza kiti akanitazama. Mume wangu hakunitazama. Najua kwa nini hakunitazama: alikuwa anaogopa nitakataa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nilimwona jinsi alivyokaa wima kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali, nikajisemea wiki sita si mwaka. Nikanyamaza.

Nilimpigia daktari kumwambia tunasogeza. "Mama," akasema, "huu si mkutano wa kuahirisha." Nikasema tunaelewa. Hatukuwa tunaelewa.

Tulifanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jua linapopungua makali. Aliandika orodha kwenye daftari la shule: Kimbia. Njoo. Nani huko? Nimekuona. Usiogope. Mwanangu. Nina njaa. Fungua mlango. Kila neno alilisema kwa hasira, kwa woga, kwa furaha, na kwa uchovu. Vicheko alicheka vya aina kumi na nne. Mimi nikavipa majina na kuvihifadhi.

Lakini sauti zilikuwa zinamfia moja moja. Binti mfalme alishaondoka. Wiki ya pili akaondoka mtoto, wiki ya tatu malkia, naye aliondoka katikati ya sentensi, tukalazimika kumpa maneno machache na kumfanya malkia wa kununa. Kunguru alidumu kuliko nilivyotegemea. Kufikia wiki ya sita alikuwa amebaki zimwi peke yake, na zimwi alikuwa hajawahi kuwa mzuri namna ile. Mkurugenzi alitoka nje aliposikia. Nilidhani ni kwa sababu ya kufurahi. Baadaye alikiri kwamba alishindwa kusikiliza.

Nyumbani tulikuwa na mtu mmoja tu wa kumficha habari hizi, kwa kuwa mtoto hatukujaliwa kumpata. Huyo alikuwa mama mkwe wangu. Presha ya macho ilikuwa imemchukua macho yote mawili miaka minne nyuma. Alikaa chumba cha nyuma, dirisha wazi, akiujua ulimwengu kwa masikio. Alijua nani kapita kwa kishindo cha ndala. Mwanawe alipoanza kukwaruza tulimwambia ni mafua. Siku ya kulazwa tulimwambia amesafiri kikazi.

"Kikazi wapi, na mafua yale?" akauliza.

"Mbali kidogo, mama," nikasema.

"Mwambie anipigie simu."

Nikasema nitamwambia.

Upasuaji ulichukua saa tisa. Daktari alitoka akiwa amevua kofia, nywele zimelala kwa jasho. Alisema wametoa kisanduku cha sauti, na tezi za pande zote mbili za shingo, na kipande cha njia ya chakula. "Ingekuwa Jumatatu ile niliyowaambia," akasema, "nisingefika huko." Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Mume wangu alirudi nyumbani baada ya majuma matatu, amekonda, na tundu chini ya koo lililofunikwa kitambaa cheupe. Tulinunua ubao mdogo wa kuandikia. Aliandika upesi na vibaya, kwa hiyo nusu ya maneno nilikuwa nakisia. Lakini ubao ulikuwa na kazi gani kwa mama yake?

Siku ile ya kwanza aliingia chumba cha nyuma akasimama mbele yake. Mama akainua uso.

"Nani huyo?"

Pumzi ikawa inatoka shingoni kwa mluzi mdogo.

"Nani huyo anayekoroma amesimama?" mama akauliza tena, na safari hii alishika fimbo yake.

"Ni mwanao, mama," nikasema kutoka mlangoni. "Amerudi. Sauti bado imekauka."

"Basi akohoe."

Hakuweza hata kukohoa kama watu. Mama akasikia ule mlio akarudi nyuma kitandani. "Huyo si mwanangu," akasema. "Mtoeni."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Alikubali chakula changu lakini hakukubali mtu yule akae chumbani mwake. Alianza kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekula njama, mwanawe yuko wapi hasa, kama amefungwa, kama amenikimbia kwa mwanamke mwingine, nimwambie tu, hatalia. Halafu akaacha kula.

Ndipo nikafanya nililofanya. Nilikwenda studio mchana, wenzangu wametoka, nikafungua akiba. "Shikamoo" niliitoa kwa mkata kuni alipokutana na malkia. "Mama" ilikuwa ya mtoto aliyepotea. Niliishusha kidogo ikawa ya mtu mzima. "Nimerudi" nikaipata kwa mfalme akitoka vitani. "Nimechoka" ilikuwa ya akiba, ile ya uchovu. Niliziunga kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kupeleka televisheni, nikaziweka kwenye simu.

Mume wangu nilimwonyesha kwanza. Alisikiliza, akaandika ubaoni: *Sio mimi*. Akafuta. Akaandika: *Jaribu*.

Tukaingia wote wawili. Aliketi ukingoni mwa kitanda, karibu na mama yake, akazuia pumzi kadiri alivyoweza. Mimi nikaishika simu karibu na kifua chake nikabonyeza.

"Shikamoo, mama. Nimerudi. Nimechoka."

Uso wa yule mama ulifunguka. Sijui niseme vipi. Alinyoosha mikono yote miwili. "Marahaba! Marahaba mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi na hawa wananiletea mtu wa ajabu? Umekula?"

Sikuwa na "nimekula". Nilikuwa na "nina njaa", nilikuwa na "nitakumeza", nilikuwa na vicheko kumi na vinne. Kidole changu kilikuwa juu ya simu na hakikuwa na pa kwenda.

"Nimekuuliza umekula," mama akasema, akitabasamu bado. "Mbona hunijibu?"

Mume wangu akashindwa kuzuia pumzi zaidi. Ikatoka kwa mluzi. Mama akaganda. Halafu mume wangu akauchukua mkono wa mama yake, akauweka kwanza juu ya nywele zake, kisha kwenye kovu la nyusi alilolipata utotoni alipoanguka kisimani, kisha akaushusha polepole mpaka shingoni, akaondoa kitambaa, akamwachia aguse.

Vidole vyake viliuzunguka ukingo wa lile tundu. Hakupiga kelele. Alivirudisha kwenye kovu la nyusi, akavishusha tena shingoni, kama mtu anayesoma upya barua asiyoiamini.

"Wamekufanya nini?" akasema.

Nikamweleza yote. Saratani, Jumatatu, wiki sita, tezi. Nilidhani nikisema haraka itapungua. Alisikiliza huku amemkumbatia kichwa mwanawe mapajani, akimpapasa sikio. Nilipomaliza akageuza uso kuelekea nilipo.

"Hiyo siku ya kusogeza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

"Ulikuwa na sauti," akasema. "Ukakaa nayo."

Mume wangu akainua kichwa akachukua ubao, akaandika kwa herufi kubwa kwamba uamuzi ulikuwa wake. Akaugeuzia kwa mama yake. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba haoni. Akanigeuzia mimi niusome. Nikausoma.

Tangu siku ile walikaa pamoja. Mume wangu alijifunza kumjibu mama yake kwa kumgonga kiganjani, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, na mama alimhadithia mambo ya ujana wake ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia. Wakati mwingine nilimkuta mama amelaza shavu kwenye kifua cha mwanawe akisikiliza ule mluzi kama unavyosikiliza mvua. Ilikuwa miezi saba tu. Saratani ilirudi ikapanda mpaka chini ya ulimi, na mara ya pili hawakuwa na cha kukata. Alifariki asubuhi ya Jumanne, mkono mmoja umeshikwa na mama yake, mwingine nimeshika mimi. Alinigonga kiganjani mara moja. Sikuwa nimemuuliza kitu.

Mkurugenzi alilia msibani mpaka watu wakamtoa nje. Baada ya arobaini akanijia na hadithi mpya.

"Tukiacha sasa," akasema, "alivumilia yote yale kwa ajili gani?"

Nikarudi. Nilikuwa na mama wa kulisha, na kusema kweli nilitaka kumsikia. Niliunga filamu mbili. Niliacha pumzi zake zote kati ya neno na neno, hata zile za kukwaruza, kwa sababu mtu asiyepumua hasemi. Katika ya tatu, zimwi lilitakiwa kumwomba msamaha mama yake kabla ya kuuawa. Nilikuwa na vipande vyote. "Nisamehe" ilikuwepo kwenye akiba, ya woga na ya uchovu. Niliunga asubuhi moja ikatoka safi kabisa. Nikaisikiliza mara moja, nikavua vifaa vya masikioni nikaviweka juu ya meza.

"Sifanyi tena," nikamwambia Mkurugenzi.

"Redio mwenyewe ndiye aliyetaka," akasema. Hakuwa anadanganya.

"Alitaka. Na mimi safari hii nasema. Sitaki."

Alinibembeleza, kisha akakasirika. Binti wa kuchora alinisindikiza mpaka chini kwenye matairi. Aliniambia zimwi tangu msiba analichora bila kulitazama usoni. Akiba ya sauti ilibaki huko; haikuwa yangu. Walitafuta mkasi mwingine.

Sasa nashona mapazia kwenye karakana karibu na nyumbani. Mama mkwe bado nakaa naye. Hajawahi kunitukana, wala hajawahi kuniita mwanangu kama zamani. Ananiita mke wa marehemu. Tukitoka hunishika bega, kwa kuwa hana bega lingine.

Juzi tulikuwa tunatoka zahanati, tukapita mbele ya duka la vyombo vya umeme. Televisheni zote za dirishani zilikuwa zinaonyesha kitu kimoja, na spika ilikuwa mlangoni. Nikamsikia kabla sijamwona. Lilikuwa zimwi, kichwa kikubwa, mdomo unafunguka na kufungika bila kufuata maneno. "Nimekuona," likasema. "Njoo. Usiogope." Watoto wawili wa sare walikuwa wamebandika pua kwenye kioo.

Mkono wa mama ulinikaza bega mpaka nikasikia kucha.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye, mama."

Akasikiliza, ameinamisha kichwa. Zimwi likaendelea kusema, sentensi baada ya sentensi, haraka, maneno yamebanana.

"Hapumui," akasema.

Nami nilikuwa nimeshasikia. Huyo aliyechukua kazi yangu alikuwa ameziondoa pumzi zote. Alisafisha, kama wanavyofundishwa.

"Wamezikata, mama."

Alisimama kidogo zaidi. Mmoja wa wale watoto akacheka. Kisha mama akanisukuma bega taratibu kuelekea barabarani, nikatazama magari pande zote mbili, tukavuka.